Firigisi ya Shemeji

Katika nyumba ya mama mkwe wangu pale Mwamkulu, kuku akichinjwa hakuna mjadala kuhusu firigisi. Kwetu Ufipani nilikokulia firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na karibu kila kabila nililokutana nalo Mpanda wanasema hivyohivyo. Kwa hiyo siku ya kwanza kupika kuku nikiwa mkwe mpya, bado nanukia mafuta ya harusi, nilimwekea mume wangu firigisi juu kabisa ya mboga yake, nikarudi nyuma hatua chache nikisubiri sifa. Mama mkwe alinyoosha mkono, akaitoa kwenye bakuli la mume wangu kama anatoa nzi kwenye maziwa, akaihamishia kwenye bakuli la shemeji. Mume wangu akaendelea kula. Mimi nikajiona nimekosa adabu, ila sikujua nimeikosea wapi.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mume wangu. Ni fundi baiskeli, na Mwamkulu yote inamletea matairi yake pale uani kwetu. Mguu wake wa kushoto ni mwembamba tangu utotoni. Akitembea hulishika paja kwa mkono na kulisukuma kwa nyuma kila hatua, kama mtu anayefunga mlango uliolegea bawaba. Yeye mwenyewe huuita ule mguu "mheshimiwa," kwa sababu, anasema, haufanyi kazi na unabebwa kila mahali.

Baadaye mume wangu alinieleza kwamba firigisi ni ya kaka kwa ajili ya mguu. Nikamuuliza mguu na firigisi vinahusianaje. Akasema, "Usimuulize mama." Basi sikumuuliza, na anayenijua atashangaa, maana mimi mdomo wangu haujawahi kulala njaa. Lakini ukweni ni ukweni.

Nilichokijua ni kile alichokijua kila mtu, kwamba mguu ule uliharibiwa na sindano. Shemeji alipokuwa mdogo alipata homa, akapelekwa zahanati moja ya mbali, bwana wa zahanati akamchoma sindano, mguu ukafa. Ndivyo hadithi ilivyosimuliwa. Kila masika, udongo wetu wa majaruba ya mpunga ukilowa na shemeji akateleza mbele ya mlango, mama mkwe alisimama akamlaani yule bwana, akalaani ukoo wake, akamalizia na bomba lake la sindano. Tulikuwa tunasubiri amalize ndipo tumwinue shemeji, maana kumwinua mapema ilikuwa kama kumkatiza mtu kwenye sala.

Sasa kuhusu kijana wangu. Nilijifungulia kwetu, na chanjo za mwanzo alizipata hukohuko. Tulipohamia kwa mama mkwe, mume wangu akaanza biashara ya dagaa, leo yuko ziwani Karema, kesho yuko sokoni Mpanda mjini, nyumbani anapita kama mgeni. Mtoto akawa wa bibi yake. Wenye bibi wanajua utani huu: mjukuu wa kiume ndiye mume. Lakini mama mkwe wangu utani ule aliufanya kazi ya kudumu. Mume wake ndiye wa kwanza kuoga. Mume wake hakemewi na mtu mwingine. Nikimpiga kofi dogo kwa kumwaga unga, nasikia sauti kutoka nyuma ya nyumba, "Nani anampiga mume wangu?" Kadi ya kliniki ikabaki kabatini, kwa sababu kila tarehe ilipofika mume alikuwa na safari na mke wake kwenda kuangalia ndege kwenye mpunga.

Ndipo gari la matangazo likapita na spika zake juu, wimbo kidogo, tangazo kidogo, wimbo tena, hata watoto wakalikimbilia wakidhani kaja msanii. Tangazo lilisema watoto wadogo wote watapewa matone ya polio nyumba kwa nyumba, hata kama walishapata kliniki. Hilo "hata kama" ndilo lililoleta maneno. Kesho yake kisimani palikuwa bunge. Mmoja alisema kama dawa ya kwanza ilikuwa nzuri, ya pili ya nini. Mke wa mwenye duka akasema jambo ambalo mpaka leo sijalipatia jibu zuri. "Zahanati ukienda kichwa kinakuuma, wanakuandikia dawa ukanunue. Hii hatujaiomba, wanatufuata nayo mpaka jikoni. Nyie hamshangai?" Mwingine alikuwa na ujumbe wa sauti kwenye simu, mwanaume anahema, anasema watoto wa kiume wakinywa hawatazaa. Tulipomuuliza huyo anayehema ni nani, akasema ametumiwa na shangazi yake aliyeko Dar, kana kwamba shangazi ndiye maabara. Halafu alikuwepo mama wa mapacha, yeye anataka wake wapewe mara mbilimbili, kwa sababu walipopewa mara ya mwisho walianza kula vizuri. "Cha bure kinakataliwaje?" akauliza, na kwa kweli alikuwa anauliza.

Nilibeba ndoo yangu nikaondoka. Sikuhitaji bunge. Sababu yangu ya kutaka matone yale ilikuwa inapita mbele ya cherehani yangu kila asubuhi, imeshika paja. Shida ni kwamba mama mkwe naye alikuwa anaiona sababu hiyohiyo. Tulikaa nyumba moja tukitazama mguu mmoja, mimi naona kupooza na kwa nini mtoto apewe, yeye anaona sindano na kwa nini asipewe.

Jioni nikajaribu. Nilimpelekea mama maji ya kunawa, nikapiga goti vizuri kuliko siku zote.

"Mkwe wangu," akasema, "leo umepiga goti mpaka kanga imegusa matope. Unataka nini?"

Nikamwambia. Akanawa mkono mmoja, akanawa wa pili, akakung'uta maji.

"Mume wangu hanywi dawa nisiyoujua mti wake," akasema. "Mwanamke mmoja wa nyumba hii alishampeleka mtoto mzima kwa watu wa dawa, akarudi na mlemavu mgongoni. Inatosha."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ugomvi na mtu wa namna hiyo hauna faida. Lakini mimi moyoni nilikuwa nachemka. Nikampigia mume wangu. Nilisikia upepo wa ziwa na watu wakibishana bei.

"Mama ni mama," akasema. "Usilete vita."

"Vita gani? Ni matone mawili mdomoni."

"Wewe unamjua mama."

Nikamwambia namjua, ndiyo maana nampigia yeye, mtoto wake. Mtandao ukakatika. Mpaka leo nasema aliukata yeye.

Siku ya chanjo alikuja binti mmoja nesi, kijana tu, amevaa kizibao cha kung'aa, begani ana kisanduku cha barafu. Aliongozana na balozi wetu wa nyumba kumi, mzee ambaye sijawahi kumwona akipita penye kigoda bila kukikalia. Akakikalia. Mimi nilikuwa kibarazani nashona sare za shule. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya mlango, ameujaza wote.

"Shikamoo bibi," akasema nesi. "Humu ndani kuna watoto?"

"Marahaba. Watoto hamna. Kuna mume wangu tu, amelala."

"Anaumwa?"

"Amechoka na kazi."

"Mpe pole baba," akasema yule binti kwa heshima zote, akatoa chaki aandike mlangoni kwamba nyumba haina mtoto.

Mguu wangu ulisimama kwenye pedali ya cherehani. Nilikuwa naomba Mungu, na Mungu akanisikia haraka kuliko kawaida yake, maana kutoka ndani ikatoka sauti, "Bibi, mkojo."

Nesi akamtazama mama. Mama akamtazama nesi. Balozi akatazama juu, kwenye bati.

"Ndiye huyo mume wangu," akasema mama bila aibu. "Na mume wangu nimeshasema hanywi kitu."

Binti alieleza vizuri, sauti ya chini, kwamba matone hayana sindano, kwamba yanakinga ugonjwa wa kupooza. Alivyotaja kupooza mama alicheka kicheko kile kisicho na furaha, akaonyesha kwa kidevu upande wa shemeji, aliyekuwa amelaza baiskeli ya watu chini ya uzio. "Kupooza ninakujua. Kulikuja na watu kama wewe, na begi begani."

Basi nesi akamwambia kesho watapita tena kwenye nyumba zilizobaki, na hiyo ndiyo ya mwisho kwa Mwamkulu, wanahamia kata nyingine. Alisema "ya mwisho" akinitazama mimi. Balozi akaachana na kigoda kwa shida.

Usidhani sikuwaza uhalifu. Niliwaza kumfunga mtoto mgongoni na kumkimbiza zahanati kimyakimya, nirudi na uso wa mtu aliyetoka kununua chumvi. Lakini matone yale mtoto akipewa anapakwa wino kidole kidogo, na wino ule hautoki kwa sabuni wala mchanga. Kidole kingenisema mbele ya mama kabla sijafika mlangoni. Jambo lingefanyika mchana kweupe pale uani, mama akiona, au lisingefanyika. Na nilijua kama lisipofanyika, kila homa itakayompata mtoto wangu nitakuwa namwamsha nimsimamishe nione kama miguu inamshika. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa.

Jioni ile mtoto mwenyewe akaleta kesi nyingine. Wenzake wote walikuwa na vidole vyeusi. Walitembea wamevinyoosha mbele yao kama wenye cheo, hawachezi na asiye nacho. Kijana wangu akarudi analia machozi ya kweli, anataka kidole. Bibi yake akampa muwa. Muwa akaula, na kidole akaendelea kukililia.

Asubuhi mama mkwe aliamka na furaha ambayo haikunipendeza. Alikuwa anaimba. Sufuria yangu kubwa ilikuwa imefunikwa kifudifudi karibu na mafiga, na mimi huwa siifuniki hivyo. Nikaiacha, nikakaa kwenye cherehani. Wakaja, nesi na balozi, na kabla nesi hajamaliza salamu mama akamtoa mtoto nje amemshika mkono, ameuinua juu kama mshindi wa ndondi.

"Huyu ameshapata. Jana wenzenu walipita mkiwa mmeondoka. Tazama kidole."

Kidole kidogo kilikuwa cheusi, kweli kweli, cheusi mpaka karibu na kiwiko. Kijana wangu alikuwa anakitazama kwa upendo mkubwa. Nesi akachuchumaa, akakishika, akakisugua kidogo na gumba lake. Gumba likawa jeusi. Akanusa.

"Bibi," akasema taratibu, "haya ni masizi. Na sisi tunapaka mkono wa kushoto. Huu ni wa kulia."

Shemeji alicheka. Alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi, akaegemea gurudumu, akasema, "Mayu, umekamatwa," mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. Na pale ndipo mama mkwe wangu alipochafuka.

"Unacheka wewe?" akasema. "Kati ya watu wote, wewe ndiye unacheka?" Akageuka kwetu sote. "Nyie hamjui kitu. Mnaongea tu polio, polio. Mimi nilikuwepo."

Akavuta kigoda. Balozi alikuwa juu yake, ikabidi aruke. Mama akakaa na akaanza kusema, na hadithi niliyoisikia kwa vipande vya laana miaka yote ile, siku hiyo aliisema nzima.

"Alikuwa mkubwa kama huyu. Homa imemshika siku ya pili. Asubuhi nimemsimamisha nimvike kaptula, akakaa chini. Nikamsimamisha, akakaa. Nikasema homa imemmaliza nguvu. Baba yake akasema tungoje, amemchimbia mizizi, atapona. Mimi nikaona mtoto anaungua. Nikangoja mzee ameshika njia ya shamba, nikambeba mgongoni, nikaenda. Sikumuaga mtu. Nimefika, yule bwana akaniambia mlaze hivi."

Akamnyakua kijana wangu, akamlaza kifudifudi juu ya mapaja yake. Mtoto hakupinga, alidhani ni mchezo.

"Mkono huu umeshika kichwa. Mkono huu umeshika miguu. Mwanangu analia ananiita, mimi ndiye nimemshikilia. Akaja na lile libomba lake, akamchoma hapa."

Akampiga mume wake kofi takoni, na kidole akakiacha palepale alipopiga, kimekandamiza. Mtoto akalia kwa mshangao zaidi ya maumivu.

Sijui ni kwa sababu neno kushoto na kulia lilikuwa bado linazunguka pale uani. Nesi alitazama kile kidole cha mama. Kisha akamtazama shemeji. Mimi nikatazama alikotazama. Balozi naye. Shemeji akainama akautazama mheshimiwa wake kama baiskeli ambayo mtu ameileta bila kusema ina ubovu gani.

"Mayu," akasema. "Hapo ulipogusa ni kulia."

"Najua ni kulia. Nimeona kwa macho yangu. Damu ilitoka nikaifuta kwa kanga. Ulikataa hata kulalia upande huo."

"Mguu wangu mbovu ni huu."

Mama mkwe wangu ameutazama mguu ule tangu kabla mimi sijazaliwa. Ameuosha, ameupaka mafuta, ameulilia, amelaania watu kwa ajili yake. Lakini nadhani siku ile ndipo alipoona kwamba ni wa kushoto. Mkono wake ukaondoka taratibu kwenye tako la mtoto. Akautazama, akautazama mguu, akautazama mkono tena.

Nesi hakuinuka. Alibaki amechuchumaa mbele yake. "Bibi, umesema asubuhi ile ulimsimamisha akakaa chini. Hiyo ni kabla hujaondoka nyumbani?"

"Nimesema nilikuwa namvika kaptula."

"Kabla ya sindano."

Mama akamvuta mtoto karibu zaidi.

"Ugonjwa huu ndivyo unavyokuja, bibi," akasema nesi. " Homa kwanza, halafu mguu. Wakati unambeba mgongoni ulikuwa umeshaingia. Yule bwana alimkuta nao. Hata ungebaki nyumbani na mizizi, mguu ungekwenda vilevile."

Mama alikuwa anampapasa mtoto mgongoni bila kujua anampapasa. Kisha akasema, na sauti haikuwa ile ya kujaza mlango, "Mzee amekufa akiniambia ni mimi."

Shemeji akainua uso kumtazama.

"Mpaka siku anakata roho. Alikuwa haniiti jina. Ananiita aliyenivunjia mtoto."

Mimi nilikuwa na hasira naye tangu gari la matangazo lilipopita, nilikuwa nimeitunza vizuri, naiongezea kuni kila saa. Iliniisha mwili mzima kwa mara moja, nikabaki nimeshika sare ya mtoto wa watu nalia juu yake. Nilimwonea huruma jinsi ninavyomwonea mama yangu mzazi. Miaka yote hiyo sisi tulidhani anamlaani yule bwana wa sindano peke yake, kumbe laana moja ilikuwa inatoka nje na nyingine inabaki ndani. Hata firigisi niliielewa palepale. Alikuwa analipa.

Shemeji alijisukuma akasogea, akakaa chini karibu na kigoda, bega lake likagusa goti la mama yake.

"Kwa hiyo nimemlaani mtu wa watu bure," akasema mama. "Na alishakufa."

"Utamwomba radhi huko huko," akasema shemeji. "Lakini usiwe na haraka, mayu. Amesubiri sana, anaweza kusubiri tena."

Mama akacheka huku machozi yanamtoka mpaka puani. Akajifuta kwa pindo la kanga, akamgeuza mtoto chali mapajani. "Haya," akamwambia nesi. "Lete hayo matone yako. Mume wangu, fungua mdomo."

Mume wake akaufunga. Yeye alikuwa anataka kidole, mambo ya mdomo hakuna aliyemwambia. Akaukaza kama mlango wa benki. Sasa ikawa kichekesho, mama mkwe wangu, aliyemficha mtoto jana na kumpaka masizi leo, anambembeleza na kumtishia kwa pumzi moja. "Fungua, mume wangu, nitakuoa vizuri. Fungua nasema, nitakupa talaka sasa hivi." Mwisho akambana mashavu kwa vidole viwili, mdomo ukatoka kama wa samaki, nesi akadondosha, tone, tone. Mtoto akalamba midomo. Akafikiri. Akauliza kama yapo mengine.

Alipakwa wino, mkono wa kushoto. Akaangalia cha kushoto cha wino, akaangalia cha kulia cha masizi, akatoka mbio kwenda kuwatangazia wenzake kwamba yeye anavyo viwili. Nesi alikuwa anafunga kisanduku mama alipomshika mkono.

"Na huyu je?" Alikuwa anamwonyesha shemeji.

Nesi akamtazama shemeji, na mvi zake kidevuni, na grisi mpaka masikioni. "Huyu amezidi umri, bibi."

"Amezidi kidogo tu."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu mama hakuwa anatania. Shemeji akaushika ule mkono wa mama yake akautoa kwenye wa nesi, akamwambia mwache binti aende, kuna nyumba zinamsubiri.

Mama akaagiza kuku achinjwe. Nesi akashukuru, akasema hawezi kubaki. Balozi akasema yeye kwa upande wake kazi yake imeishia hapa, akarudi kwenye kigoda.

Tulikula mapema, jua bado lipo. Mama alipakua mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu mimi niolewe. Nilimwona akitafuta ndani ya sufuria kwa mwiko, akaipata firigisi, akaishika kwa vidole, akaipuliza ipoe. Bakuli la shemeji lilikuwa wazi mbele yake. Mkono wa mama ukapita juu ya lile bakuli, haukusimama, ukaenda mpaka kwenye sahani ndogo ya kijana wangu.

"Ya mume wangu," akasema.

Shemeji akatazama bakuli lake. Lilikuwa na paja na mchuzi. "Mayu, na mimi?"

"Wewe una nini cha kupewa firigisi?" akasema mama. "Kula paja lako."

Shemeji akainama akala, hakuinua uso tena. Nikajua ameumia, na mimi kama kawaida yangu nikaanza kumkasirikia mama upya. Alipomaliza nikamfuata na maji ya kunawa pale kwenye baiskeli zake. Ndevu zilikuwa zimelowa machozi.

"Pole, shemeji," nikamwambia. "Nitamwambia akuwekee siku nyingine."

"Usithubutu," akasema, na ndipo nikaona anacheka. "Mimi firigisi siipendi. Tangu nikiwa mtoto siipendi. Ngumu kama kandambili, inanikaba hapa."

"Na siku zote hizo?"

Akanyoosha mikono nimwagie. "Alikuwa ananitazama, shemeji. Yeye hali chakula mpaka aone nimemeza."

Nyuma yetu nikasikia mtoto wangu analalamika kwa bibi yake kwamba ile nyama ni ngumu, haitafuniki.

"Iteme basi, mume wangu," akasema mama mkwe. "Nani amekulazimisha?"